Adrenalini mkononi mwa anayefika kwanza

Mtaala wa kitaifa wa mwaka 1994 wa wahudumu wa magari ya wagonjwa Marekani ulikuwa na kifungu ambacho mpaka leo nikikisoma nakiona kama utani. Mhudumu wa ngazi ya msingi aliruhusiwa kumsaidia mgonjwa wa mzio mkali kujichoma adrenalini, ila kwa sharti kwamba dawa iwe ya mgonjwa mwenyewe, aliyoandikiwa na daktari wake. Anayo mfukoni, msaidie. Hana, mpe oksijeni, mpakie, kimbiza. Sasa mtu wa miaka arobaini aliyeumwa na nyuki, ambaye maisha yake yote hakujua kwamba mwili wake haupatani na nyuki, dawa hiyo angetembea nayo ya nini? Kila mwenye mzio ana mara yake ya kwanza, na mara ya kwanza haina cheti cha daktari.

Majimbo mengi yalikuja kulegeza kamba, kila moja kwa kasi yake, na wahudumu wa msingi wakaruhusiwa kubeba adrenalini ya kwao garini. Mjadala huo bado unaendelea sehemu nyingi duniani, mara kuhusu zimamoto, mara kuhusu waokoaji wa ufukweni, mara kuhusu walimu. Na kila unapoanza, watu hukimbilia swali lisilofaa: je, huyu asiye daktari anaweza kuchoma sindano? Kuchoma sindano ni kazi ya mkono, mkono hufundishika. Swali linalofaa ni la dakika.

Mwaka 2000 Richard Pumphrey, mtaalamu wa kinga ya mwili wa Manchester, alichapisha uchambuzi wake wa vifo vya anafilaksia, yaani mzio mkali unaotishia maisha, huko Uingereza. Alichokitafuta ni muda unaopita tangu mtu akutane na kinachomdhuru hadi pumzi au moyo kusimama. Kwa chakula, muda wa kati ulikuwa dakika 30. Kwa sumu ya nyuki na nyigu, dakika 15. Kwa dawa iliyotolewa na mhudumu wa afya, hasa za mshipani, dakika 5. Weka tarakimu hizo kando ya muda ambao gari la wagonjwa hutumia kufika kwenu, kisha ongeza muda aliopoteza mtu kabla ya kukubali kwamba hali ni mbaya na kupiga simu. Ukimaliza hesabu utaona kwamba dawa iliyoko hospitalini, kwa wagonjwa hawa, iko mbali mno. Inabidi iwe kwa anayefika kwanza, awe nani.

Ya pili kuiondoa njiani ni imani kwamba kuna dawa mbadala. Kwetu Afrika Mashariki mtu akivimba midomo na kuwashwa, mkono wa kwanza huenda kwenye Piriton, na akifika zahanati huongezewa hydrocortisone ya mshipani. Piriton hutuliza mwasho na mabaka ya ngozi. Haifungui njia ya hewa iliyovimba, haipandishi presha iliyoporomoka, na hata kwa mwasho huchukua muda kabla ya kufanya kazi. Hydrocortisone huchukua saa kadhaa, na mwongozo wa Baraza la Ufufuaji la Uingereza wa mwaka 2021 umeiondoa kabisa kwenye matibabu ya kawaida ya anafilaksia. Adrenalini peke yake ndiyo inayokaza mishipa ya damu iliyolegea, inayopunguza uvimbe wa koo, inayofungua mirija ya mapafu, inayousukuma moyo, na zaidi ya yote inayozizuia seli zilizoanzisha vurugu zisiendelee kumwaga kemikali zake. Ndiyo maana kuchelewa kuitoa ni kosa kubwa kuliko kumpa mtu ambaye baadaye itaonekana hakuihitaji sana.

Tukirudi kwenye ruhusa. Watu huizungumzia kana kwamba ni kufuli moja, kumbe ni tatu. Kuna ruhusa ya kuchoma, kuna ruhusa ya kuwa na dawa, na kuna kinga ya kutoshtakiwa ukichoma kwa nia njema na kwa utaratibu uliofundishwa. Uingereza ni mfano mzuri wa namna kufuli moja linavyoweza kuwa wazi na jingine limefungwa. Kanuni za Dawa za Binadamu za mwaka 2012, kanuni ya 238, zinamruhusu mtu yeyote, narudia, yeyote, kumchoma mwenzake adrenalini ya 1:1000 (miligramu 1 kwa mililita) msulini, hadi miligramu 1, kwa lengo la kuokoa maisha kwenye anafilaksia. Sheria haikutaja daktari wala nesi. Lakini dawa yenyewe iliendelea kuwa ya cheti. Shule ilikuwa na mwalimu anayeruhusiwa kuchoma na haikuwa na cha kuchoma, mpaka tarehe 1 Oktoba 2017 shule ziliporuhusiwa kununua kalamu za adrenalini za akiba, yaani sindano zilizokwisha kujazwa dozi moja, bila cheti cha mwanafunzi fulani. Marekani nayo mwaka 2013 ilipitisha sheria ya kuyahimiza majimbo yazitake shule ziwe na akiba ya adrenalini. Kwa hiyo mtu akikuambia nchi fulani imeruhusu, muulize imeruhusu lipi kati ya hayo matatu.

Kuna kufuli la nne lisiloandikwa kwenye sheria, nalo ni bei. Kampuni ya Mylan ilipoichukua EpiPen, kalamu ya adrenalini inayojulikana zaidi, mwaka 2007, pakiti ya kalamu mbili ilikuwa kama dola 100. Mwaka 2016 ilipita dola 600. Kalamu huisha muda baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na nyingi hutupwa bila kutumika, maana anafilaksia haiji kila siku kwenye kila gari. Idara yenye magari mia moja ya zimamoto, kila gari na kalamu ya mkubwa na ya mtoto, ilikuwa inatupa fedha jalalani kila baada ya miezi kumi na minane. Wakati huohuo ampuli ya adrenalini, dawa ileile, miligramu ileile, iligharimu dola chache tu.

Hapo ndipo King County, eneo la Seattle katika jimbo la Washington, ilipofanya jambo ambalo mimi naliona la maana kuliko kalamu zote. Katikati ya miaka ya 2010 iliondoa kalamu kwenye magari ya wahudumu wa msingi na kuweka mahali pake kifuko chenye adrenalini ya kuvutwa, sirinji na karatasi ya hatua. Wahudumu hao hawakuwa na mazoea ya kuvuta dawa kwenye sirinji, wakafundishwa. Jimbo la New York likafuata kwa mpango ulioitwa Check & Inject, na jina linajieleza: kagua, ndipo uchome. Wataalamu wa huko walikuwa na hofu ya haki kabisa kwamba mtu asiye na mazoea atakosea kipimo. Jibu lao lilikuwa kukipanga kifuko chenyewe kwa namna ambayo kukosea kunakuwa kugumu. Hili la kukipanga kifuko ndilo nataka kulikalia.

Ampuli ya kawaida ya adrenalini ina mililita 1, na ndani yake kuna miligramu 1. Mtu mzima anahitaji miligramu 0.3 hadi 0.5, yaani mililita 0.3 hadi 0.5. Maana yake ampuli moja ina dozi mbili au tatu za mtu mzima, na mtego mkubwa kuliko yote ndio huo: mkono uliozoea kwamba ampuli moja ni dozi moja huvuta yote na kuisukuma yote. Ukiweka kwenye kifuko sirinji ya mililita 5, umemwalika mtu akosee, kwa sababu mistari yake huruka kwa 0.2, na 0.3 haina hata mstari wake. Sirinji ya mililita 2 ina mistari ya 0.1, inafaa kwa shida. Sirinji ya mililita 1, ile nyembamba, ina mistari ya 0.01, na 0.3 inaonekana wazi. Bora zaidi ni zile zilizotengenezwa kwa kazi hii tu, zenye alama mbili: 0.15 ya mtoto na 0.3 ya mkubwa, hakuna tarakimu nyingine ya kukuchanganya. Ukikosa, chukua ya mililita 1 na uizungushie utepe mwembamba pale panapotakiwa.

Usidanganyike na sirinji ya insulini kwa sababu tu nayo ni nyembamba. Ile inahesabu kwa yuniti, mia moja kwa mililita, na sindano yake iliyoganda ina milimita 8 au 12. Itaishia kwenye mafuta chini ya ngozi. Adrenalini chini ya ngozi huikaza mishipa ya pale pale ilipoingia na kujifungia, inachelewa kufika kwenye damu, wakati msuli mpana wa paja una damu nyingi na huipeleka haraka. Sindano inayofaa ni geji 23, ile ya kitako cha bluu, yenye urefu wa milimita 25. Kwa mtu mnene sana, milimita 38.

Kifuko kizuri basi kina ampuli mbili za 1 mg/ml, sirinji mbili za mililita 1, sindano nne (mbili za kuvutia, mbili za kuchomea), pamba za spiriti, vipande vya gozi, glavu, kisanduku kidogo cha ncha kali, kalamu ya maka, na karatasi ngumu iliyolaminishwa. Ampuli ya pili haipo kwa ajili ya dozi ya pili, dozi ya pili ingetosha kwenye ile ya kwanza. Ipo kwa sababu ya kwanza itavunjika mkononi, au itamwagika. Mikono hutetemeka.

Kuvunja ampuli kuna namna yake. Ishike wima, ipige kwa kucha kwenye kichwa mpaka dawa yote iliyonasa juu ishuke chini ya shingo. Zungushia gozi. Ampuli nyingi zina nukta ya rangi shingoni. Iweke nukta ikuangalie, kidole gumba juu yake, vunja kwa kusukuma kichwa kwenda mbali nawe. Ukivunja ukielekea kwako, kioo kitakuchana kidole na kichwa kitaruka. Ingiza sindano bila kugusa ukingo wa nje, inamisha ampuli, vuta kupita kiasi unachotaka kidogo. Badilisha sindano, maana ile ya kwanza inaweza kuwa imebeba chembe za kioo na ncha yake imeshagonga kioo. Elekeza juu, gonga mapovu yapande, sukuma taratibu hadi ukingo wa juu wa kisukumio ukae sawasawa kwenye mstari wa 0.3. Hapo mwonyeshe mwenzako sirinji na ampuli, asome kwa sauti: adrenalini, miligramu moja kwa mililita, sifuri nukta tatu, mtu mzima, paja. Ukiwa peke yako, jisomee mwenyewe kwa sauti. Hii ndiyo "kagua", na haiongezi hata sekunde kumi.

Kwa nini kusoma nguvu ya dawa kwa sauti? Kwa sababu kuna adrenalini ya pili duniani, ile ya 0.1 mg/ml inayotumika mshipani moyo ukisimama. Zamani zote mbili ziliandikwa kwa uwiano, 1:1000 na 1:10,000, na sifuri moja kwenye taa hafifu ya gari ni kitu kidogo sana. Makosa yalikuwa mengi kiasi kwamba Marekani iliamua uwiano uondoke kwenye lebo za dawa hizo kuanzia Mei 2016, iandikwe miligramu kwa mililita peke yake. Na ile nzito, 1 mg/ml, ikisukumwa mshipani kwa mtu ambaye moyo wake unapiga, inaweza kuupeleka moyo kwenye mapigo ya hovyo, au kupandisha presha mpaka mshipa wa kichwa upasuke. Ndiyo maana kwa mhudumu wa kwanza sheria ni moja bila mjadala: msulini tu, pajani tu. Asiguse mshipa hata kama kuna mpira wa dripu unaning'inia.

Sasa paja lenyewe. Upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Nguo nyepesi haizuii, ila angalia mfuko wa suruali. Simu, funguo na sarafu zimeshapindisha sindano nyingi. Mshono mnene wa jinzi pia uepuke. Ingiza kwa pembe ya wima, sukuma yote, toa, kandamiza kidogo. Kwa mtoto, mguu ushikwe na mtu mwingine kabla sindano haijakaribia, kwa sababu mtoto atarusha teke na sindano iliyo ndani ya paja linalorushwa huchana ngozi kama wembe. Majeraha haya yameripotiwa kwenye kalamu, hasa wakati maelekezo yalipotaka kalamu ishikiliwe sekunde 10. Sasa EpiPen inasema 3.

Kwa wenye kalamu, kosa linalojirudia ni kuishika kichwa chini. Mtu anaweka kidole gumba juu ya kile anachodhani ni kitufe, kumbe ndicho kichwa cha sindano, na dawa yote inaishia kwenye kidole chake huku mgonjwa akiangalia. Kidole kinakuwa cheupe na baridi, na dozi imepotea. Kwenye EpiPen, bluu huangalia mbinguni, chungwa huangalia paja. Kumbuka pia kwamba sindano ya kila aina ya kalamu ina urefu wake mmoja, mtu awe mnene au mwembamba, na kipimo chake cha juu kwa EpiPen ni 0.3. Kanuni ya jumla ni 0.01 mg kwa kila kilo ya uzito, mwisho 0.5. Mtu wa kilo 80 akipewa 0.3 amepata pungufu ya hapo. Waingereza kwenye ampuli humpa mtu mzima na mtoto wa zaidi ya miaka 12 miligramu 0.5, wa miaka 6 hadi 12 humpa 0.3, wa miezi 6 hadi miaka 6 humpa 0.15. Magari ya Marekani mengi yamebaki na 0.3 na 0.15 kwa kufuata ukubwa wa kalamu, mpaka wa kilo 30 ukitenganisha mkubwa na mdogo. Mpango wowote uchague moja, uichape kwenye karatasi ya kifuko, na usimwachie mhudumu kupiga hesabu kando ya barabara.

Kuna jambo ambalo wengi hulikosea baada ya sindano kuchomwa vizuri kabisa. Pumphrey huyohuyo, mwaka 2003, alieleza vifo vya wagonjwa waliokuwa wamelala wakainuliwa, wakakaa au kusimama, na moyo ukasimama ndani ya muda mfupi sana. Kwenye anafilaksia mishipa imelegea, damu imezama miguuni na nyingine imevuja nje ya mishipa. Akilala, kinachobaki kinaufikia moyo. Akiinuka, moyo unajikuta unapiga tupu. Kwa hiyo mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe juu ya begi au kiti. Anayepumua kwa shida sana anaweza kukaa, miguu ikiwa imenyooka mbele yake. Anayetapika au aliyezimia alazwe ubavu, mjamzito ubavu wa kushoto. Na asitembee kwenda kwenye gari. "Sasa najisikia nafuu, naweza kutembea" ni sentensi ya hatari, hasa kwa kuwa anaisema dakika tano baada ya adrenalini, wakati anajisikia nafuu kweli. Machela imfuate alipo. Kwenda chooni pia hapana.

Dakika tano zikipita na bado kifua kinalia mluzi, au bado amelegea, dozi ya pili, paja la pili. Ikibidi ya tatu, wakati huo mtu anatakiwa awe anaongea na daktari kwa simu. Anayetumia dawa za moyo au presha za kundi la vizuizi vya beta (beta-blockers) anaweza asiitikie vizuri, na hospitali hutumia dawa iitwayo glukagoni kwa ajili hiyo. Kazi ya mhudumu ni kuuliza anatumia dawa gani na kusema kwenye simu. Kutetemeka mikono, moyo kwenda mbio, kichwa kugonga, uso kupauka: hayo ni kawaida, ni adrenalini yenyewe, hupungua ndani ya robo saa au zaidi kidogo. Mwambie mgonjwa kabla hayajaanza ili asidhani anakufa mara ya pili.

Pingamizi la wanaoogopa ruhusa hii mara nyingi si mkono bali macho: huyu atajuaje kwamba ni anafilaksia na si hofu, pumu au kuzirai tu? Ni swali la kujibiwa kwa umakini. Mabaka ya ngozi peke yake, bila kitu kingine, hayatoshi. Mabaka pamoja na pumzi iliyobana, au pamoja na kizunguzungu na mapigo dhaifu, au pamoja na tumbo kukata na kutapika mfululizo, yanatosha. Na mtu anayejulikana kuwa na mzio wa karanga, amekula kitu chenye karanga, sauti imekwaruza ghafla au presha imeanguka, huyo achomwe hata kama ngozi yake ni safi. Si kila anafilaksia ina mabaka, na kuyasubiri ni chanzo kimojawapo cha kuchelewa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kama picha za vitabu zinavyoonyesha. Pitisha mkono, tafuta uvimbe ulioinuka, angalia kope, midomo na viganja, muulize kama anawashwa.

Anayezirai kwa hofu ya sindano au kwa jua, mapigo yake huwa ya polepole, ngozi ni baridi, na akilala tu anarudi. Wa anafilaksia mapigo yake kwa kawaida hukimbia na kulala hakumrudishi. Pumu ni ngumu zaidi kuitofautisha, ila mwenye mzio unaojulikana anayepata kifua ghafla baada ya kula, mpe adrenalini kwanza, pampu baadaye. Kwenye anafilaksia hakuna mgonjwa ambaye adrenalini ya msulini imekatazwa kwake kabisa, hata mzee mwenye moyo. Ukibaki na shaka ya kweli kati ya kuchoma na kutochoma, choma.

Mafunzo ya haya yote hayahitaji mwaka. Yanahitaji saa chache za kwanza na kurudia kila baada ya miezi michache, kwa sababu ujuzi usiotumika hupotea haraka kuliko dawa. Chungwa na maji ya sindano vinatosha kumzoeza mtu kuvunja ampuli, kuvuta 0.3 na kuingiza kwa pembe sahihi. Afanye mara kumi, mara tano za mwisho akiwa anasemeshwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Kinachobeba mpango ni daktari mmoja mwenye jina, aliyetia saini agizo la kudumu, anayesoma fomu ya kila tukio bila kukosa moja. Bila huyo, makosa madogo hujificha mpaka yawe makubwa.

Kwetu kalamu ni adimu. Kwa nchi nyingi za dunia hazipo kabisa kwenye soko. Ampuli za 1 mg/ml zipo mpaka kwenye zahanati, na adrenalini imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Ndiyo maana namtaja zaidi King County kuliko shule zenye kalamu ukutani. Zimamoto na Uokoaji wa Tanzania wanaofika kwa simu ya 114, waokoaji wa fukwe zenye watalii, waongozaji wa Kilimanjaro, manesi wa viwandani, kambi za wafuga nyuki: hao wote kifuko cha ampuli wanakimudu. Kinachotakiwa ni yale makufuli matatu yafunguliwe pamoja, na mtu wa kuangalia tarehe.

Joto nalo liangaliwe. Adrenalini hukaa kati ya nyuzi 20 na 25, gizani, si kwenye friji. Dashibodi ya gari Mombasa saa nane mchana si kabati la dawa. Kila Jumatatu ampuli zitolewe, ziangaliwe kwenye mwanga: maji yake yawe angavu, bila rangi. Yakiwa na rangi ya waridi au ya chai, dawa imeungua, itupwe hata kama tarehe haijafika. Na mtu asivute dawa kwenye sirinji mapema "ili iwe tayari". Ndani ya sirinji haidumu kama ndani ya ampuli, na sirinji isiyo na lebo ni ajali inayosubiri mtu wa kuishika.

Marekani mwezi Agosti 2024 iliidhinisha adrenalini ya kupuliza puani, Neffy, miligramu 2 kwa wenye kilo 30 na zaidi, kisha ya miligramu 1 kwa watoto wadogo zaidi mwaka 2025. Haina sindano, haina kioo, haina cha kuvuta. Kwa wahudumu wa kwanza inaweza kubadilisha mambo mengi, bei ikishuka. Kwa sasa hoja ya ampuli iko palepale.

Mgonjwa akikabidhiwa hospitali, aliyemchoma aandike kwa maka juu ya mkono wa mgonjwa au kwenye utepe: saa kamili ya kila dozi, kiasi, paja lipi, na kitu kinachoshukiwa. Hata aliyepona kabisa njiani hubaki chini ya uangalizi, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa bila kukutana tena na kilichomdhuru. Kwa mwongozo wa Uingereza, aliyeitikia vizuri dozi moja anaweza kuruhusiwa baada ya saa 2, aliyehitaji mbili hukaa angalau 6, zaidi ya mbili hukaa angalau 12. Wanaompokea hawawezi kujua yuko kundi lipi kama ampuli tupu zimebaki kwenye sakafu ya gari. Ziingie kwenye kisanduku, na kisanduku kiende naye mpaka mlangoni.